Bolti Tatu za Nondo

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Muulize yeyote hapa Hell-Ville, atakuambia kwamba ukileta mashine kwa Abdou utaondoka na masikio yamechoka. Ni kweli, sikatai. Lakini kuna jambo moja nililolikalia kimya miaka minane, na leo nalisema lote, kwa hiyo mwenye haraka zake aende tu.

Kazi yangu ni kufufua mashine za randa. Sisemi ile randa ya mkono ambayo seremala anaisukuma huku jasho linamtoka. Nasema mashine yenyewe, ya chuma tupu, unayoiingizia ubao wenye matuta upande huu ukatoka upande wa pili laini, unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Huku kisiwani Nosy Be, Madagaska, watu huiita raboteuse, kama Wafaransa walioileta. Wafaransa walipoondoka waliziacha kwenye mabanda, na kuku wakazigeuza viota. Miaka ile ya mwisho ya sabini mashine mpya ilikuwa ya kusikia tu, hata msumari ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Basi mimi nilinunua chuma kilichooza, nikakifungua kipande kipande, nikakiloweka kwenye mafuta ya taa, nikasugua kutu mpaka kucha zikaisha, nikakifunga tena kikafanya kazi. Mke wangu Nadjma alikuwa akisema hata wali wake una ladha ya karakana.

Na nilikuwa na majivuno, nikiri mapema. Nilikuwa nikipitisha kiganja juu ya meza ya mashine nikajua aliyeitumia alikuwa mtu wa aina gani. Meza huliwa pale mbao zinapopita. Mwenye subira hubadilisha upande, leo kulia kesho kushoto, na meza yake huliwa sawasawa. Mvivu hupitisha zote mahali pamoja mpaka panakuwa shimo. Watu walishangaa nikiwaambia hayo, nami nilipenda wakishangaa.

Mwaka 1979 Msaidié alikuja kutoka Mahajanga, mji wa bandari ulioko bara. Alikuwa seremala, Mkomoro kama baba yangu, na alikuja pamoja na mdogo wake Daoudou. Misukosuko ya mwisho wa mwaka 1976 ilipowakuta Wakomoro wa Mahajanga, wengi waliuawa na waliosalia wakaondoka. Hawa wawili walifichwa na jirani yao Msakalava, mwenyeji wa huko, chini ya magunia ya mkaa, na yalipotulia wakabaki. Karakana yao ilikuwa imebaki kuta. Walikuwa hawana mzazi wala ndugu mwingine upande huu wa maji, na kwa kweli walikuwa wakitembea pamoja hata kwenda kununua mkate. Mmoja akianza kusema, mwingine anamalizia.

Walitaka mashine ya randa. Walikuwa wamepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule, na meli ya mizigo ya kuwarudisha ilikuwa inaondoka baada ya siku kumi na mbili. Nikawaambia, "Siku kumi zinanitosha." Hakuna aliyenilazimisha kusema kumi. Ni mdomo wangu.

Mashine nilikuwa nayo, nimeitoa kwenye banda moja karibu na Andilana. Mwili wake ulikuwa mzima. Kazi ilikuwa kwenye ngoma, na hapa nisikilizeni vizuri. Ngoma ndiyo moyo wa mashine hii: chuma kinene cha mviringo kinachozunguka mara elfu nne kwa dakika, na ndani yake kuna visu viwili virefu. Kila kisu kinabanwa na bolti nne. Bolti hizo si za kuchezea, ni chuma kigumu kilichopikwa kiwandani, kwa kuwa zikiachia, kisu kinatoka kama risasi. Nilipokuwa nazifungua, kutu ilikuwa imezishika, na za kisu cha pili tatu zikakatika mkononi mwangu.

Nilitafuta bolti kisiwa kizima. Nilikwenda bandarini, nikaenda kwa mafundi wa magari, nikavuka mpaka Nosy Komba kwa mzee mmoja mwenye makopo ya vyuma chakavu. Hakuna. Siku ya nane nikachukua kipande cha nondo, nondo hii hii ya kujengea nyumba, nikakikereza, nikakata hesi za kufungia, nikapata bolti tatu zinazoingia vizuri kabisa. Nondo ni chuma laini. Kubeba zege inabeba, lakini ukiivuta kila siku inanyooka kidogo kidogo kama unga uliokandwa, mpaka siku moja inakatika. Hilo nalijua mimi, na hata mwanafunzi wa fundi analijua.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunga macho. Zilikuwa zinang'aa, mtu angeziona kuwa si za ukoo mmoja na zile nyingine. Nikazichoma mpaka zikawa nyekundu, nikazizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, zikatoka nyeusi kama wenzao. Nikajiambia ni za muda tu, nikipata za kweli nitazipeleka. Siku ya kumi nikawaita, nikaiwasha, nikapitisha ubao wa palisandre, ule mti mgumu wa huku. Daoudou alipapasa ubao ule, akaushika kwenye shavu lake, akacheka. Msaidié alinikumbatia. Nami nikasimama pale nikipokea sifa.

Mwaka uliofuata bolti za kweli nilizipata, nane, kwa mekanika wa meli. Nikazifunga kwenye karatasi, nikaandika jina la Msaidié juu yake. Zilikaa kwenye droo yangu. Kuzipeleka maana yake ni kueleza kwa nini nazipeleka, na kila meli iliyokuwa inakwenda Mahajanga nilijikuta nina shughuli siku hiyo.

Mwaka 1981 msafiri mmoja akaniletea habari, bila hata kuketi. Kisu kimeruka kwenye mashine ya Msaidié. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimekwenda, amebaki na gumba. Kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Kosa la mdogo wake. Ndiye aliyenoa visu jana yake akavirudisha. Alisahau kukaza."

Nikafunga mdomo. Hivyo tu. Sikusema uongo hata mmoja, na ndiyo maana iliniwia rahisi.

Habari zilizofuata zilikuja vipande vipande. Daoudou aliapa kwamba alikaza. Kaka yake akamuuliza mbele ya watu, "Kama ulikaza, vidole vyangu viko wapi?" Akaapa tena, kisha akaacha kuapa. Siku zile mke wa Daoudou alikuwa karibu kujifungua, na akili ya mume, alisema mwenyewe, haikuwa imetulia. Mwishowe akasema labda alisahau. Akahamia Belobaka, nje ya mji kwenye barabara ya bara, akawa anachoma mkaa. Kila Idi alikuja kwa kaka yake, akaketi karibu na mlango, akanywa chai, akaondoka. Aliyenieleza aliona kama ni kisa cha kusikitisha tu, na mimi nikatikisa kichwa nikasema masikini.

Mwaka 1989 jina langu likatoka miongoni mwa watakaokwenda Makka. Nadjma alilia kwa furaha. Nilikuwa nimeiomba safari ile tangu ujana.

Mnajua desturi yetu. Anayekwenda hija huzunguka kwa jamaa, jirani na wateja, akaomba radhi. Husemi umemkosea nini. Unasema, "Ikiwa nimekukosea kwa kujua au kwa kutokujua, nisamehe," na mwenzako hajasubiri hata umalize, anakwambia amekusamehe duniani na akhera, karibu chai. Nilizunguka Hell-Ville siku nne. Nadjma akanitania, "Umebakiza mbuzi wa jirani yetu Faouzia tu." Kisha akasema bila kujua anachosema, "Na Mahajanga? Yule maskini wa mkono huwezi kumpita."

Nilikwenda kwa meli ya mizigo, na zile bolti nane mfukoni. Usiniulize kwa nini nilizichukua. Labda nilidhani nitakuwa jasiri nikifika.

Msaidié alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Alinishika mkono wangu wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, akanitandikia mkeka mle karakanani, anamopokea wageni. Mke wake, Echata, akaleta chai na mkate wa kumimina, na kwa mume wake akaweka kijiko. Tulizungumza Kikomoro chetu, Kimalagasi kikiingia pale neno lilipopotea. Nikasema maneno yangu ya desturi, kwa kujua au kwa kutokujua. Hakunisubiri nimalize.

"Nimekusamehe, Fundi Abdou, duniani na akhera. Wewe umenikosea nini? Wewe ulinipa kazi tena wakati sina kitu. Aliyenikosea namjua, naye ni damu yangu."

Basi nimepata. Nilikuwa nimekuja kutafuta neno moja na nilikuwa nalo, bure, na chai juu yake. Ningeweza kuaga. Nilimaliza kikombe changu, nikashukuru, nikasimama kabisa. Lakini nyuma yake, kwenye kona ya karakana, niliona kitu kimefunikwa turubai, na miguu ya chuma niliyoipaka rangi ya kijani kwa mkono wangu.

"Bado unayo?"

"Haijawashwa tangu siku ile," akasema Msaidié. "Sikutaka kuiuza. Nani atanunua mashine iliyokula mtu?"

"Niiangalie?"

"Ni yako, iangalie."

Nilivua shati. Echata aliniletea mafuta ya taa kwenye sufuria kuukuu, Msaidié akaketi kwenye kigogo kunitazama. Nilipapasa meza yake kwanza, ni mazoea. Ilikuwa imeliwa sawasawa, kulia na kushoto. Nikafungua kifuniko. Upande wa kisu cha kwanza kila kitu kilikuwa mahali pake. Upande wa pili hakuna kisu, na bolti moja, ile ya asili, ilikuwa imepinda imening'inia. Nikasugua kutu kwenye matundu matatu yaliyobaki, na humo ndani vikaonekana vipande vya bolti zangu. Vimekatika shingoni. Na shingo zimerefuka, zimekuwa nyembamba kabla ya kukatika.

Mtu asiye fundi haoni kitu hapo. Mimi niliona kila kitu. Bolti ambayo haikukazwa hulegea, huzunguka, hutoka nzima na kichwa chake. Bolti iliyobaki shimoni na shingo iliyonyooka ni bolti iliyokazwa, ikakazwa vizuri, ikavutwa mpaka ikashindwa. Daoudou alikaza. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kona hii miaka minane chini ya turubai, mita nne kutoka mahali ambapo kila Idi alikuwa anaketi karibu na mlango.

Nilichimbua kimoja kwa keekee ya mkono. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Nikawaza, na hili pia nalisema, kwamba nikikitia mfukoni nimekwisha kumaliza, na radhi ninayo. Nilikishika muda mrefu hivi kwamba Msaidié akauliza, "Umeona nini?"

"Alikaza," nikasema.

"Nani?"

"Daoudou. Alikaza zote nne. Hizi tatu ni zangu. Nilizichonga kwa nondo, nikazitia weusi usizijue. Za kweli hizi hapa, ninazo tangu mwaka 1980." Nikatoa ile karatasi. Jina lake lilikuwa bado linasomeka.

Nilitarajia anipige. Ningefurahi angenipiga. Alichukua kile kipande, akakiweka kwenye kiganja kisicho na vidole, akakitazama. Echata alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Msaidié alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeshtuka usingizini.

"Nilimuuliza mbele ya watu," akasema. "Nilimuuliza vidole vyangu viko wapi."

"Kosa ni langu."

"La mkono ni lako. Lile la mbele ya watu si lako." Akavuta pumzi. "Neno langu kwako limeshatoka, Abdou, na silirudishi, ingawa natamani. Umeniomba ukiwa umeficha kosa lako, nikakupa nikiwa sijui. Mwenyewe utajua utalifanyia nini mbele ya Mungu. Vaa shati lako, tunakwenda Belobaka."

Msaidié alikuwa amekifumba kile kipande kwenye mkono wa kushoto na hakuufungua njia nzima, hata alipotaka kufuta jasho.

Tulimkuta Daoudou nyuma ya nyumba yake, akipakia mkaa kwenye magunia. Yule mtu aliyekuwa ameweka ubao shavuni akacheka alikuwa mweusi kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alipomwona kaka yake amekuja kwake, jambo ambalo halijawahi kutokea, alidhani kuna msiba. Aliuliza, "Nani?"

Msaidié alimfungulia mkono. "Ulikaza," akasema. "Mdogo wangu, ulikaza."

Ilibidi mimi nieleze. Nilieleza nikiwa nimesimama, nikamwonyesha shingo ile nyembamba, nikamwambia chuma cha nondo kinafanyaje, nikamwambia kuhusu ule weusi na kuhusu droo. Daoudou alikichukua kipande, akakigeuza, akakitazama kwa jicho la fundi, kwa kuwa ufundi haukuwa umemtoka. Aliona. Akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Zote nne?"

"Zote nne."

Aliketi chini kwenye mkaa. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na mke wake akatoka jikoni mbio. Msaidié akapiga magoti mbele ya mdogo wake, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, akaanza kuomba radhi, na yeye hakutumia maneno ya desturi. Alitaja siku, akataja swali alilouliza, akataja watu waliokuwepo mmoja mmoja. Alitaja na Idi zote za miaka ile minane. Daoudou alimwacha aseme mpaka mwisho. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi, katika mizunguko yangu yote, sikuwa nimeomba radhi kwa mtu hata mmoja. Kisha Daoudou akamshika kaka yake mabega, akamwambia amemsamehe, amemsamehe, akalirudia mara nyingi mpaka likawa ni kilio tena. Mimi nilisimama pembeni na kofia yangu. Sikuwa na haki ya kulia, lakini nililia.

Baadaye, walipotulia, wakaletewa maji wakanawa uso, Daoudou akanigeukia. Nilimwomba radhi. Nilitaja kila kitu, kwa kuwa sasa nilikuwa nimefundishwa. Alikuwa anazungusha kile kipande cha chuma kati ya vidole vyake.

"Miaka minane," akasema, "hakuna sala niliyosali bila kumwomba Mungu anisamehe mkono wa kaka yangu. Hata moja. Nilikuwa naamka nikiota nimeshika spana." Hakupandisha sauti. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. "Na wewe, fundi, miaka yote hiyo, ulikuwa unaomba nini?"

Ningeweza kupamba. Mdomo ninao. Lakini nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa naomba nijaliwe kwenda Makka.

Alinitazama. Msaidié alitazama chini. Mke wa Daoudou akaita kutoka jikoni kwamba wali umeiva, na Daoudou akanisogezea sehemu ya mkeka nikaketi. Hakusema kwamba amenisamehe. Nilikula kwake mchana ule, na mwaka ule sikwenda Makka.